Kijana na Safari ya Kusaidia Ng'ambo: Haki ya Nani Huanza?

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu ametuletea swali, nasi tumeona si haki kulijibu faraghani, kwani si lake peke yake. Kijana huyu, ambaye hatutamtaja jina, amekubaliwa kwenda ng'ambo mwaka mzima kufanya kazi ya kujitolea pamoja na vijana wa mataifa mengine. Kazi yenyewe ni kuwafunza watu wa pwani ya huko namna ya kujiandaa kabla ya vimbunga na mafuriko, na kupanda miti ya kuizuia bahari isile nchi. Mshahara hapewi, atapewa nauli, chakula na mahali pa kulala. Mama yake ni mjane, na nyumba yao iko upande wa bonde la mto Sabaki, mahali ambapo mto ukijaa maji hubisha hodi mlangoni. Akatuuliza: "Nikienda kuwahadharisha watu wa mbali na mafuriko, nami nimemwacha mama yangu kando ya mto, nitakuwa nimefanya wema au nimeukimbia wajibu?"

Wenzetu walipolisikia swali hili waligawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilisema kuwa mafuriko na vimbunga ni kadari ya Mwenyezi Mungu, basi hakuna la kufunza wala la kujifunza, kijana na akae nyumbani asali. Fungu la pili lilisema kuwa kujiandaa ni jambo jema, lakini mwenye haki ya kwanza ni mama, kisha jirani, kisha mji. Ng'ambo wana vijana wao. Fungu la tatu lilisema kuwa watu wote ni viumbe wa Mungu mmoja, na afikwaye na msiba haulizwi kabila yake wala dini yake, kwa hivyo kijana na aende wala asichelewe. Twataka kuyapima maneno haya moja moja kwa mizani ya dini na akili, wala hatutampendelea mtu kwa umri wake wala kwa ukubwa wa kilemba chake.

Ama hao wa fungu la kwanza, twasema kwa heshima kuwa wameitaja kadari wala hawakuifahamu. Sayyidna Omar bin Khattab, Mungu amuwie radhi, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alishauriana na watu kisha akarudi. Abu Ubaida alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa atoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu vile vile. Akampigia mfano wa mchunga aliyeteremka na ngamia wake bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja ni mkavu, na popote atakapowalisha hakutoka katika kadari. Na Nabii Nuhu, juu ya kuwa Mola wake aliweza kumwokoa bila ya ubao wala msumari, aliamrishwa aunde jahazi, akaiunda nchi kavu hali watu wakimcheka. Basi mwenye kuunda chombo kabla ya maji kuja yuko katika sunna ya Mitume, na mwenye kungoja maji yamfike shingoni ndipo aseme "tawakkul" hana katika sunna hiyo hata chembe.

Tena jambo hili kwetu si hadithi za watu wa kale. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi yake yakavuka bahari yetu yote. Zilipita zaidi ya saa nane kabla hayajafika pwani ya Kenya. Muda huo ulitosha habari kufika, na pale Mombasa watu wakaondolewa ufukoni. Kenya nzima ikafa roho moja. Kwa jirani zetu wa Somalia, ambako habari haikuwafikia watu wa ufukoni, walikufa karibu na 300. Bahari ni ile ile na siku ni ile ile. Waliyotofautiana ni kupata habari na kuitumia. Jee, yuko atakayesema kuwa aliyewaondoa watu ufukoni Mombasa alishindana na kadari?

Na pwani yetu ya Kilifi na Malindi imeonja mengi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto hata matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yakageuka meupe yakafa, na mvuvi ajua maana yake, kwani tumbawe likifa samaki huhama. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana, na watu wa Ganze na Magarini wakaiona mifugo yao ikilala wala haiinuki. Kisha Novemba 2023 mvua zikaja kwa fujo, maji yakaikata barabara kuu ya Mombasa na Malindi pale Mbogolo, na nchi nzima wakafa watu zaidi ya 100. Hazikupita miezi sita, mvua za masika ya 2024 zikaua zaidi ya 200, na katika mwezi wa Mei mwaka huo kimbunga kilichoitwa Hidaya kikapiga pwani ya Tanzania upande wa Mafia, nasi huku wavuvi wetu wakaonywa wasitoke. Wazee walizoea kusema kuwa vimbunga haviji kwetu. Lakini Unguja ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, mikarafuu ikang'oka, na Lindi ikapigwa mwaka 1952. Neno "haviji" si ilimu, ni mazoea tu.

Sasa twaja kwa fungu la pili, na hawa wana hoja nzito. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akitaka ruhusa ya kwenda jihadi, naye akamuuliza kama wazazi wake wako hai, alipoambiwa kuwa wako, alimwamrisha jihadi yake iwe katika kuwatumikia wao. Ikiwa jihadi, pamoja na utukufu wake, huweza kuwekwa nyuma ya haki ya mzazi, itakuwaje safari ya kupanda miti? Na maulamaa wetu wamekubaliana kuwa mtu huanza na walio katika dhamana yake. Mwenye kulisha wageni hali watoto wake wana njaa hakufanya ukarimu. Amefanya dhuluma kwa mkono mmoja na kujionyesha kwa mkono wa pili.

Twaikubali hoja hii, wala hatuipunguzi. Lakini hoja ya haki huweza kushikwa na mtu asiyeitenda, nasi twataka kuwauliza wenzetu hawa, na kujiuliza sisi wenyewe kabla yao: vijana wetu waliobaki nyumbani, nyumbani hapo wanafanya nini? Novemba ile ya 2023 tulipoambiwa kuwa maji yamewazingira watu, tulifanya nini sisi wa darsa hii? Tulisoma dua, na dua ni silaha ya muumini. Tulikusanya nguo, mchele na unga, na hayo ni mema. Lakini tulikusanya baada ya watu kupotewa na vitu vyao. Hatukuwa na daftari ya wazee wasioweza kutembea, wala hatukujua ni nyumba zipi zina wajawazito, wala hatukuwa tumekubaliana ni msikiti upi ulio juu utakaofunguliwa watu walale, na nani ana ufunguo wake. Spika ya msikiti, ambayo hutangaza maiti na kutangaza harusi, haikutangaza kuwa mto unapanda. Tulikuwa nyumbani, wala nyumbani hapo hatukumfaa mtu kwa wakati uliotakiwa. Basi kukaa nyumbani peke yake si wema. Mwenye kumzuia kijana asisafiri kwa ajili ya mama yake, kisha asimwonyeshe la kumfanyia mama huyo ila kukaa barazani, hakuitetea haki ya mama. Ametetea uvivu tu.

Hapa ndipo tulipoona haja ya kutazama wenzetu wa nchi nyingine wamefanya nini, kwani hekima ni kitu kilichompotea muumini, aikutapo huichukua. Kiko kisiwa karibu na Sumatra kiitwacho Simeulue, na watu wake ni Waislamu. Mwaka 1907 kilipigwa na wimbi kubwa, watu wengi wakafa. Waliosalia waliwafunza watoto wao, na watoto wakawafunza wajukuu, kwa visa na nyimbo za kubembelezea, kuwa nchi ikitetemeka sana na bahari ikarudi nyuma, basi mtu asingoje kitu, akimbilie mlimani. Ilipofika 2004 wao ndio waliokuwa karibu mno na tetemeko lile, na kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Waliokufa hawakufika hata kumi. Na huko Indonesia nzima, walikokuwa wengi wasioirithi ilimu hiyo, walikufa zaidi ya 160,000. Waliowaokoa watu wa Simeulue ni mabibi na mababu, tena kwa maneno matupu.

Na tuitazame Bangladesh, nchi ya Waislamu iliyo chini mno mbele ya bahari. Mwaka 1970, ilipokuwa ingali ikiitwa Pakistan ya Mashariki, kimbunga kimoja kiliua watu wanaokisiwa kuwa si chini ya 300,000. Baada ya msiba ule serikali na chama chao cha Hilali Nyekundu walianza kuwafunza watu wa vijijini, wenye kujitolea bila mshahara, kupita nyumba hadi nyumba na bendera, tarumbeta ya sauti na baiskeli kuwaonya watu na kuwapeleka mahali pa salama. Haikuwa kazi ya siku moja, kwani mwaka 1991 walikufa tena zaidi ya 130,000. Wakazidisha bidii, wakajenga majumba ya kukimbilia, na mwaka 2007 kimbunga kikubwa kilipokuja walikufa elfu tatu na kitu. Nao ni wengi, lakini mwenye akili na alinganishe hesabu hizi. Leo wenye kujitolea huko ni zaidi ya 70,000.

Na karibu nusu yao ni wanawake. Jambo hili twaomba lisomwe polepole na wale wenzetu wanaoona haya kulizungumza. Katika misiba ile waliokufa zaidi walikuwa wanawake na watoto, na miongoni mwa sababu ni kuwa onyo lilitangazwa sokoni na barazani, mahali pa wanaume, na mwanamke aliyekuwa ndani hakulisikia, au alilisikia akamngoja mumewe arudi ampe ruhusa ya kutoka. Jee, miji yetu haina nyumba kama hizo? Sauti ya mwanamume huishia mlangoni. Anayeingia uani ni mwanamke mwenzake. Basi mwenye kudai kuwa anawahifadhi wanawake kwa kuwanyima ilimu ya kujiokoa na kuwaokoa wengine, na aogope kuulizwa juu ya roho zao.

Sasa twarudi kwa kijana wetu. Fungu la tatu walisema na aende, kwa kuwa viumbe wote ni wa Mungu. Nao wamesema kweli, kwani Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kuna ujira katika kukitendea wema kila chenye uhai, na Qur'ani haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu watu wa dini nyingine wasiotupiga vita. Lakini hawa wamelisahau jambo moja, nalo ni kurudi.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Tauba ametaja kuwa haiwafalii waumini kutoka wote pamoja, na kwamba katika kila kundi na liwepo fungu dogo la kujifunza dini, lipate kuwaonya watu wake watakaporudi kwao, ili wapate kutahadhari. Twajua kuwa aya hii imeshuka katika ilimu ya dini, wala hatuipotoi. Lakini mwendo wake ni mwendo wa kila ilimu yenye kuwafaa watu: wengine hutoka na wengine hubaki, mwenye kutoka hutoka kwa ajili ya waliobaki, na mwisho wa safari ni kurudi na kuonya. Safari isiyo na marejeo yenye faida ni hasara kwa mji, hata ikiwa ni fahari kwa msafiri.

Na mfano wa jambo hili umo katika kisa cha Nabii Yusuf. Yeye alikuwa mgeni Misri, mbali na baba yake, kati ya watu wasio wa dini yake. Akawashauri wayaweke mazao mashukeni mwao miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki, kisha akajitwika mwenyewe dhamana ya maghala. Hakusema kuwa hawa si watu wangu. Na dhiki ilipoenea, chakula kile alichokiweka kwa ajili ya wageni ndicho kilichowalisha baba yake na ndugu zake. Mwenye kuwafaa watu wa mbali kwa ikhlasi huenda akawa anawawekea akiba watu wake bila ya kujua. Lakini tazama vile vile kuwa Yusuf hakumsahau mzee Yakub. Alipopata uwezo alimtafuta, akamleta, akamkalisha pamoja naye.

Tusisahau pia kuwa sisi wenyewe tumekuwa wenyeji wa vijana wa namna hii. Miaka mingi sasa vijana wa Ulaya na Marekani wanakuja Watamu, Mida na Kilifi kuhesabu kasa, kuangalia matumbawe na kupanda mikoko. Wako kwetu wanaowacheka, wakisema kuwa wamekuja kupigwa picha. Huenda wako wa hivyo, na nia zao azijua Mola wao. Lakini aibu ni ya nani, mgeni akipiga magoti topeni kupanda mkoko, na mwenye pwani yuko kivulini akimtazama? Mikoko ile huvunja nguvu za mawimbi, hushika udongo usichukuliwe, na hulea kamba, kaa na samaki wachanga ambao ndio riziki ya mvuvi wetu. Na mgeni asiyefunzwa huweza kupanda mti usio mahali pake ukafa, hali mzee wetu ajua kwa macho mlilana wapi hukaa, mkandaa wapi, na mchu wapi. Mgeni ana bidii wala hajui pwani. Mwenyeji ajua pwani wala hana bidii. Lau wangekutana wawili hawa kazi ingetimia. Na kijana wetu atakapokuwa yeye ndiye mgeni huko aendako, na akumbuke: aanze kwa kuwauliza wazee wa huko, wala asiwaendee kama mwalimu aliyeteremshwa kutoka mbinguni.

Basi jawabu yetu ni hii. Safari yake ni jambo jema, lakini wema wake una masharti manne. La kwanza, radhi ya mama yake, aitoe kwa moyo wake bila ya kubanwa. Asiporidhia, na abaki, wala hakupungukiwa na kitu, kwani kazi hapa ni nyingi. La pili, nia. Ikiwa aenda ili apate picha za kuwaonyesha wenzake, au apate njia ya kutorudi, basi aseme kuwa aenda kutafuta maisha, nako si haramu. Lakini asilivishe jambo hilo kanzu ya sadaka. La tatu, ajifunze ilimu hasa, ya kuyasoma maji na upepo, ya kuwapanga watu na kuwaonya, wala asirudi na cheti tu. La nne, arudi, na awafunze vijana wa kiume na wa kike kwa walimu wao.

Na sisi tunaobaki tuna sharti letu, nalo ni zito kuliko yote manne. Kazi ya kuokoa roho ni fardhi kifaya: wakiisimamia wengine, waliosalia huepukana na dhambi, na wakiiacha wote, wote wana dhambi. Maulamaa wamesema hata mwenye kusali huikata sala yake akimwona mtu azama. Basi kijana akienda kuchukua ilimu kwa niaba yetu, kumwangalia mama yake ni sehemu yetu sisi. Darsa hii imekubaliana kuwa watu wawili wa mtaa wake na mabibi wawili watakuwa wakimtazama kila wiki, na kwamba masika yakikaribia atahamishiwa kwa jamaa walioko juu kabla ya mto kusema neno. Na daftari ambayo hatukuwa nayo mwaka 2023 tumeianza: wazee, wagonjwa, wajawazito, vilema, na wenye kukaa bondeni, mtaa kwa mtaa. Hatukuyaandika haya ili tusifiwe. Tumeyaandika ili tuulizwe tutakapoyaacha.

Wake wawili wa wenzetu walikwenda kumuuliza mama huyo rai yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi nitamruhusu, na Mungu atanihifadhi. Lakini waulizeni hao waume zenu swali moja. Mwanangu akirudi akawaambia hameni, mto unakuja, watamsikiliza? Au watamwambia yeye ni mtoto, vimbunga haviji kwetu?"

Swali la kijana tumelijibu kwa kadiri ya ilimu yetu. Swali la mama halijibiwi kwa kalamu. Litajibiwa siku maji yatakapopanda, na kila mmoja wetu atajulikana jawabu yake. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kusikia neno wakalifuata lililo jema, na awahifadhi watu wa pwani hii na wa pwani zote. Amin.